MAFIGA MATATU: FALSAFA, SIASA NA UCHUMI KATIKA SHAHADA MOJA

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Haya ni mazungumzo kamili kama yalivyosomwa. Mwalimu wa darasa ayasome tena polepole, kisha maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe.

Natumaini mmekwisha kaa, taa inawaka, na kila mmoja ana daftari na kalamu mbele yake, maana leo kuna hesabu kidogo ya kuandika.

Somo letu lahusu shahada ya Chuo Kikuu. Shahada ni cheo cha elimu anachopewa mtu aliyemaliza masomo ya Chuo Kikuu na kufaulu mtihani wake. Ziko shahada za namna nyingi: za udaktari, za sheria, za ualimu, za kilimo. Shahada tutakayoitazama leo ina masomo matatu yaliyofungwa pamoja kama kuni katika mzigo mmoja. Masomo hayo ni falsafa, siasa na uchumi.

Najua yuko mtu huko darasani ambaye ameguna. Asema moyoni, "Mimi najifunza kusoma ili nisidanganywe kwenye mizani ya pamba. Shahada za Uingereza zanihusu nini?" Ndugu yangu, umeuliza vema, na kuuliza si ujinga. Zakuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, watu wengi walioshika serikali za nchi mbalimbali wamepitia shahada hii, na maamuzi ya serikali kubwa huvuka bahari yakafika mpaka kwenye bei ya mafuta ya taa. Pili, maswali yanayofundishwa katika shahada hii ndiyo yale yale tunayoulizana katika mkutano wa kijiji. Tuanze na hilo la pili.

1. MKUTANO WA PAMPU

Tuseme kijiji kimoja kina nyumba 200 na pampu moja ya maji. Pampu imeharibika. Fundi amekuja, ameitazama, amesema kazi yake na vipuri vyake ni shilingi 400,000. Mwenyekiti ameita mkutano chini ya mwembe.

Mtu wa kwanza asimama na kusema, "Jambo hili ni jepesi. Kila nyumba itoe shilingi 2,000." Andikeni katika madaftari: 200 mara 2,000 ni 400,000. Hesabu ni sawa.

Lakini mama mmoja ainua mkono. Asema kwamba nyumba 40 katika hizo ni za wajane na wazee wasio na mtu wa kuwasaidia. Je, ni haki kumtoza bibi kizee asiye hata na kuku sawasawa na mtu mwenye ng'ombe 30? Watu wanyamaza kidogo, kisha kijana mmoja asema, "Wazee hao na wasamehewe." Haya, tuandike tena. Nyumba zinazobaki ni 160. Mara 2,000 ni 320,000. Zimepungua shilingi 80,000. Ili kuziba pengo hilo kila nyumba katika zile 160 iongeze shilingi 500, itoe 2,500. Sasa 160 mara 2,500 ni 400,000. Hesabu imekuwa sawa mara ya pili.

Papo hapo mwenye duka asimama. Auliza, "Nani ameamua kwamba mimi nimlipie jirani yangu? Tumepiga kura? Na fedha hizo zitakaa mikononi mwa nani?"

Ndugu wanafunzi, tazameni vizuri mambo yaliyotokea hapo. Mtu wa kwanza alileta swali la uchumi: gharama ni kiasi gani, na fedha zitatoka wapi? Mama yule alileta swali la falsafa: lililo haki ni lipi? Na mwenye duka, ingawa pengine alikuwa ana uchungu wa shilingi zake 500, alileta swali la siasa: nani ana amri ya kuamua, na nani atamwangalia aliyepewa amri?

Sasa jaribuni kuondoa swali moja. Mkihesabu fedha tu bila kuuliza haki, wajane watafungiwa maji. Mkiongea juu ya haki tu bila kuhesabu, mtakwenda kwa fundi na shilingi 320,000, naye atafunga mfuko wake wa vyombo na kwenda zake. Na mkihesabu vema na kutenda haki, lakini mambo yakaamuliwa na watu watatu nyumbani kwa mwenyekiti usiku, nusu ya kijiji itakataa kulipa. Wazee wetu walisema, jifya moja haliinjiki chungu. Mafiga ni matatu, na chungu chataka yote matatu.

Basi, hayo ndiyo waliyoyafikiri walimu wa Chuo Kikuu kimoja cha Uingereza zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

2. OXFORD, MWAKA WA 1920

Oxford ni mji wa Uingereza wenye Chuo Kikuu cha zamani sana. Mafundisho yalikuwako huko tangu mwaka wa 1096. Kwa muda mrefu kijana aliyetaka kuwa mkubwa katika serikali ya Uingereza alisoma hapo lugha za Kiyunani na Kilatini, pamoja na historia na falsafa ya Wayunani na Warumi wa kale. Masomo hayo yalichukua miaka minne. Waliona kwamba mtu aliyeweza kufahamu vitabu vigumu vya kale angeweza kufahamu jambo lo lote.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya kwanza, tangu 1914 hadi 1918. Vita vilipokwisha dunia ilikuwa imegeuka. Serikali zilikuwa na madeni makubwa. Askari walirudi wakitaka kazi. Watu wengi zaidi walikuwa wamepewa haki ya kupiga kura, na katika mwaka wa 1918 baadhi ya wanawake wa Uingereza waliipata haki hiyo kwa mara ya kwanza. Mambo ya kodi, mishahara, bei na vyama vya wafanyakazi yakawa ndiyo mambo ya serikali ya kila siku. Mtu aliyejua vita vya Warumi tu, bila kujua benki ni kitu gani, aliweza kuongoza nchi namna gani?

Kwa hiyo katika mwaka wa 1920 Oxford ilianzisha masomo mapya ya falsafa, siasa na uchumi. Watu waliyaita masomo makuu ya kisasa, ili kuyatofautisha na yale masomo makuu ya kale. Mwaka huo huo Chuo Kikuu kiliacha kumdai kila mwanafunzi ajue Kiyunani kabla ya kuingia. Na mwaka huo huo wanawake walikubaliwa kupewa shahada za Oxford. Kabla ya hapo waliweza kusoma na kufanya mitihani, lakini shahada hawakupewa. Kwa hiyo 1920 ulikuwa mwaka wa kufungua milango.

3. JINSI MASOMO YANAVYOFANYWA

Masomo haya ni ya miaka mitatu. Katika mwaka wa kwanza kila mwanafunzi husoma yote matatu. Mwisho wa mwaka huo hufanya mtihani. Akifaulu, siku hizi anaweza kuendelea na yote matatu, au kuacha moja na kuyachimba mawili.

Katika falsafa hujifunza kwanza mantiki, yaani kupima kama maneno yafuatana. Mtu akisema, "Kila mwizi hutembea usiku, yule ametembea usiku, kwa hiyo yule ni mwizi," mantiki yatuonyesha mara moja kwamba ametudanganya, maana mkunga pia hutembea usiku. Baada ya hapo hujifunza habari za haki, wajibu na uhuru.

Katika siasa hujifunza jinsi nchi mbalimbali zinavyotawaliwa: namna za kuchagua, kazi za bunge, mipaka ya mamlaka ya rais au waziri mkuu, na sababu zinazofanya serikali nyingine zidumu na nyingine zianguke.

Katika uchumi hujifunza jinsi bei inavyopanda na kushuka, jinsi serikali inavyopata fedha na kuzitumia, na sababu za watu kukosa kazi. Hapo hesabu hazikwepeki.

Kuna jambo moja katika mafundisho ya Oxford ambalo lafaa kulitazama. Zaidi ya kusikiliza mihadhara katika ukumbi, mwanafunzi hupewa swali na vitabu vya kusoma, huandika insha, kisha hukaa na mwalimu wake, yeye peke yake au na mwenzake mmoja au wawili. Mwalimu humwuliza, "Kwa nini umesema hivi? Una ushahidi gani? Mtu anayekupinga angesemaje?" Mwanafunzi lazima ajibu papo hapo. Anayezoea kazi hiyo kwa miaka mitatu hujifunza kusema na kubishana bila kutetemeka. Kumbukeni jambo hilo, maana tutalirudia tutakapofika kwenye lawama.

4. ZAMANI LILIKUWA SOMO MOJA

Msidhani kwamba watu wa Oxford waliunganisha vitu ambavyo havijapata kukaa pamoja. Zamani vilikuwa kitu kimoja. Aristotle, Myunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika juu ya tabia njema na aliandika pia juu ya utawala wa miji, naye aliyaona mambo hayo kuwa ni njia moja.

Mtu mwingine ni Adam Smith wa Scotland, aliyezaliwa mwaka wa 1723. Wengi humwita baba wa elimu ya uchumi, kwa sababu ya kitabu chake juu ya utajiri wa mataifa kilichotoka mwaka wa 1776. Lakini kazi yake katika Chuo Kikuu cha Glasgow ilikuwa kufundisha falsafa ya maadili. Na kitabu chake kikubwa cha kwanza, cha mwaka wa 1759, kilieleza jinsi mtu anavyoweza kuhisi furaha na uchungu wa mwenzake. Basi, yule aliyetufundisha jinsi soko linavyofanya kazi alianza kwa kuuliza kwa nini twahurumiana.

Baadaye elimu ilikua ikagawanyika, kama shamba la baba linavyogawanywa na watoto. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwalimu mmoja, Alfred Marshall, alifanikiwa mwaka wa 1903 kuufanya uchumi uwe somo linalosimama peke yake. Mgawanyo huo ulileta faida: kila mmoja alilima sehemu yake kwa bidii, na maarifa yakaongezeka. Lakini ulileta hasara pia, maana mwenye hesabu alisahau kuuliza haki, na mwenye haki alisahau kuhesabu. Oxford ilitaka kuirudisha mipaka nyuma.

Mfano wake umefuatwa katika nchi nyingi. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Yale kina masomo ya maadili, siasa na uchumi. Katika Afrika, Chuo Kikuu cha Cape Town na cha Pretoria, vyote vya Afrika Kusini, vina shahada ya falsafa, siasa na uchumi.

5. WALIOPITA HUKO

Katika watu waliopata shahada hii Oxford wako Mawaziri Wakuu watano wa Uingereza: Harold Wilson, Edward Heath, David Cameron, Liz Truss na Rishi Sunak. Wilson na Heath walishindana katika uchaguzi wakiwa wakuu wa vyama vinavyopingana, na kila mmoja alimshinda mwenzake kwa zamu. Katika uchaguzi wa mwaka 2015, Cameron wa chama kimoja na Ed Miliband wa chama cha pili walikuwa wamesoma masomo yale yale katika Chuo Kikuu kile kile. Na mwezi Julai 2024 Jeremy Hunt alipomwachia Rachel Reeves kazi ya Waziri wa Fedha, wote wawili walikuwa na shahada hii.

Wako pia watu wa nchi nyingine. Benazir Bhutto wa Pakistan aliisoma katika miaka ya 1970, akawa Waziri Mkuu wa nchi yake mwaka wa 1988. Na katika Afrika yuko Dakta Kofi Busia wa Ghana, aliyeipata mwaka wa 1941, akawa Waziri Mkuu mwaka wa 1969.

6. LAWAMA

Sasa tufike kwenye lawama, kwa sababu darasa lisilosikia upande wa pili limesikia hadithi tu.

Lawama ya kwanza ni ya methali: mshika mbili moja humponyoka. Huyu ameshika tatu! Wanaoyalaumu masomo haya wasema kwamba miaka mitatu haitoshi kumfanya mtu awe mwanafalsafa, na mjuzi wa siasa, na mjuzi wa uchumi. Hutoka na kidogo cha kila kitu. Tena, kwa kuwa amezoea kubishana na mwalimu wake, aweza kuongea kwa ufasaha juu ya jambo asilolijua sana, na wasikilizaji wakafikiri analijua. Hatari hiyo ni ya kweli.

Lawama ya pili ni kwamba viongozi wa serikali na viongozi wa upinzani wakiwa wamelelewa na walimu wale wale, nchi huweza kukosa mawazo mapya. Wapiga kura huona majina mawili katika karatasi, lakini fikira zimetoka chungu kimoja.

Lawama ya tatu ni kubwa zaidi: shahada haizuii kosa. Hebu tutazame mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni wa Liz Truss. Alikuwa Waziri Mkuu mwezi Septemba 2022. Tarehe 23 ya mwezi huo serikali yake ilitangaza kupunguza kodi kwa kiasi cha pauni bilioni 45 hivi, bila kueleza vizuri fedha za kuziba pengo zitatoka wapi. Mnakumbuka ile pampu? Ni sawa na kuzisamehe nyumba 40 bila kuongeza zile shilingi 500. Watu wanaoikopesha serikali ya Uingereza waliingiwa na hofu, wakataka riba kubwa zaidi. Thamani ya pauni ilianguka. Benki Kuu ya nchi ililazimika kuingia kati ili kuzuia hatari isienee. Watu wenye mikopo ya nyumba waliona malipo yao yakipanda. Bibi Truss alitoka katika kazi hiyo baada ya siku 49 tu. Hakuna Waziri Mkuu wa Uingereza aliyekaa muda mfupi kuliko huo. Naye aliyemfuata, Bwana Sunak, alikuwa na shahada ile ile.

Mfano wa pili ni wa Dakta Busia. Ghana ilitegemea sana kakao, na bei ya kakao ilipoanguka fedha za nchi zilipungua na madeni yakasumbua. Mwishoni mwa Desemba 1971 serikali yake ilishusha sana thamani ya sedi, yaani fedha ya Ghana. Kwa hesabu za vitabu ilikuwapo sababu ya kufanya hivyo. Lakini bidhaa kutoka nje zilipanda bei mara moja, na watu wa mjini walikasirika. Tarehe 13 Januari 1972, yeye akiwa Uingereza kwa matibabu, askari waliipindua serikali yake. Figa la uchumi lilisogezwa, na figa la siasa likateleza. Tena kabla ya hapo, mwezi Novemba 1969, serikali yake ilikuwa imewaamuru wageni wasio na kibali waondoke Ghana, na watu wengi sana walioishi huko kwa miaka mingi walifukuzwa na mizigo yao vichwani. Ni haki? Hilo ni swali la figa la tatu.

Simwambii mtu kwamba masomo hayana maana. Daktari pia hukosea, lakini hatuendi kwa asiyesoma udaktari. Ninachosema ni kwamba kuyajua maswali matatu ni jambo moja, na kuyauliza wakati wa kuamua ni jambo la pili.

7. MWANAFUNZI WA EDINBURGH NA CHUO CHA KIVUKONI

Katika nchi yetu pia yuko mtu aliyesoma masomo ya namna hii, ingawa hakwenda Oxford. Mwaka wa 1949 mwalimu mmoja wa shule kutoka Tabora alisafiri kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, huko Scotland. Jina lake ni Julius Kambarage Nyerere. Shahada aliyoipata mwaka wa 1952 ilikuwa ya mchanganyiko: alisoma uchumi wa siasa, falsafa ya maadili, historia, sheria za katiba, lugha ya Kiingereza, na elimu ya jamii za watu. Mnaona kwamba mafiga yote matatu yalikuwamo. Miaka miwili baada ya kurudi, tarehe 7 Julai 1954, chama cha TANU kilizaliwa naye akiwa kiongozi wake.

Lakini jambo linalotugusa sisi zaidi ni la mwaka wa 1961. Mwaka ule Tanganyika ilipopata Uhuru, chama cha TANU kilifungua chuo cha watu wazima, Chuo cha Kivukoni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam. Mfano wake ulikuwa Chuo cha Ruskin, kilichoanzishwa mjini Oxford mwaka wa 1899 kwa ajili ya wafanyakazi waliokosa nafasi ya kusoma. Katika waliofanya kazi kubwa ya kukianzisha Kivukoni alikuwamo Bibi Joan Wicken, Mwingereza aliyesoma Oxford, ambaye baadaye alikuwa msaidizi wa Mwalimu Nyerere kwa miaka mingi.

Waliosoma Kivukoni walikuwa watu wazima, wengi wao wenye elimu ndogo ya shule. Walifundishwa uchumi, siasa na historia, kisha wakarudi katika vyama vya ushirika, vyama vya wafanyakazi na halmashauri. Hakuna aliyewaambia kwamba maswali ya haki, mamlaka na mali ni ya vijana wa Oxford tu. Chuo hicho kipo mpaka leo; tangu mwaka wa 2005 kinaitwa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere.

8. KARANGA ZA KONGWA

Nitamaliza kwa mfano wa nchini mwetu, ambao wazee wa Dodoma, Tabora na Mtwara wamewasimulia watoto wao.

Baada ya Vita Vikuu vya pili Uingereza ilikosa mafuta ya kula. Katika mwaka wa 1946 ulitungwa mpango wa kulima karanga katika Afrika ya Mashariki, zaidi ya ekari milioni 3, na sehemu kubwa ya ekari hizo katika Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Serikali ya Uingereza iliukubali. Matrekta yaliletwa kwa meli. Bandari ya Mtwara ilijengwa, na reli pia.

Watu wa Ugogo waliujua ukame wa nchi yao tangu zamani za babu zao. Wenye mpango hawakukaa nao kuwasikiliza. Mvua hazikutosha. Udongo wa Kongwa ulipokauka ulikuwa mgumu kama saruji, karanga zikashikwa ardhini zisitoke. Mizizi ya vichaka ilivunja majembe ya matrekta. Mwaka wa 1951 mpango uliachwa, na hasara ilikuwa pauni milioni 36 hivi.

Walioutunga hawakuwa wajinga. Walikuwa na ramani, vitabu na hesabu nyingi. Swali la uchumi waliliuliza, ingawa walilijibu kwa haraka. Lakini nani aliamua? Waliamua watu wa London, na mwenye ardhi hakuwa na kura. Na je, ilikuwa haki kuichukua ardhi ya mtu na kuigeuza kwa ajili ya upungufu wa mafuta wa nchi nyingine? Maswali hayo mawili yangeulizwa Kongwa, mbele ya wazee, hata lile la uchumi lingalipata jibu jema, maana mzee mmoja angesema, "Mwanangu, hapa mvua hukata mwezi wa pili." Neno hilo lisingemgharimu mtu hata senti.

Ndiyo maana nasema kwamba somo la leo ni lenu. Atakapokuja mtu kijijini na mpango, awe amesoma Oxford au Dar es Salaam, awe wa serikali au wa kampuni, mpokeeni kwa heshima, mpeni kiti na maji. Kisha mwulizeni maswali matatu. Ni haki? Nani ameamua? Gharama ni kiasi gani, na nani atalipa? Akijibu yote matatu vizuri, mwungeni mkono. Akijibu mawili, mwambieni arudi siku nyingine na la tatu. Na ninyi mnaojua kusoma sasa, someni karatasi yake mpaka mwisho kabla hamjatia sahihi.

 

MANENO YA KUJIFUNZA

Falsafa: elimu ya kutafuta ukweli na haki kwa kufikiri.
Mantiki: elimu ya kupima kama maneno yafuatana.
Maadili: mwenendo mwema.
Mamlaka: nguvu au haki ya kuamua na kuamuru.
Riba: fedha anazolipa mkopaji zaidi ya zile alizokopa.
Figa, au jifya: jiwe moja katika yale matatu ya kuinjikia chungu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika mkutano wa pampu, nyumba 50 zingesamehewe badala ya 40, kila nyumba iliyobaki ingelipa shilingi ngapi, kwa kukadiria? Fanyeni hesabu ubaoni.
2. Mwenye duka aliuliza, "Nani ameamua?" Je, swali lake lilikuwa la haki, au la choyo? Laweza kuwa yote mawili?
3. Semeni jambo moja lililoamuliwa kijijini kwenu mwaka huu. Ni swali lipi katika yale matatu ambalo halikuulizwa?
4. Mwanafunzi wa Oxford huulizwa, "Mtu anayekupinga angesemaje?" Chagueni jambo mnaloliamini sana, kisha mmoja wenu ajaribu kulipinga kwa adabu.